Uanzie wapi somo la Musa na Yoshua

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kuwafundisha vijana jinsi Musa alivyomwachia Yoshua uongozi. Usianzie kwenye kifo cha Musa. Anza Kutoka 17, Yoshua akipigana na Amaleki, kisha 24:13, akiwa mtumishi wa Musa mlimani. Ndipo uingie Hesabu 27:18-23, na hapo kaa sana: Musa, angali hai, anamwekea mikono mbele ya kuhani Eleazari na mkutano wote, akimpa sehemu tu ya heshima yake. Wengi huliruka neno hilo “sehemu”, ilhali Yoshua alipaswa kutegemea Urimu ya kuhani, yaani kitu kitakatifu alichotumia kuhani kuuliza mapenzi ya Mungu. Yoshua mwenyewe hatajwi kuandaa mrithi. Soma Waamuzi 2:10 uone kizazi kilichofuata, kisichomjua Bwana. Ukikwama kwenye Kiebrania, muulize mchungaji aliyesomea Agano la Kale.