Dar kwa miguu: nilianzia Askari nikaishia Kariakoo

Mkuu umeuliza kama kuna haja ya kulipia matembezi ya miguu hapa Dar, wakati unatoka Mwanza kwa siku nne tu na una shemeji mwenye gari wa kukuzungusha. Mimi niko mji huu mwaka wa kumi na nne sasa. Matembezi ya aina hiyo nimelipia mara nne, na mengine nimejitembeza mwenyewe, kwa hiyo nivumilie niandike kirefu kidogo.

Ya kwanza yalikuwa hasara tupu. Tulikuwa sita, kiongozi akatuahidi "Dar yote kwa saa tatu", na tukaondoka saa nne asubuhi, wakati jua limeshapanda. Kanisa la Azania Front, St. Joseph, soko la samaki Feri, Makumbusho ya Taifa, tunapita kama makarani wa sensa. Kila mahali dakika tano, piga picha, haya twende. Kufika saa saba mchana niko kwenye chupa ya tatu ya maji na sikumbuki tena kipi kilijengwa na Mjerumani na kipi na Sultani. Nilirudi nyumbani na picha themanini na kichwa kinagonga. Nikaapa sirudii.

Mwaka uliofuata jirani yangu akanivuta kwa kijana mmoja aliyesomea historia. Yeye akasema wazi: mimi natembeza Vita Kuu ya Kwanza tu, ukitaka kingine mtafute mwingine. Moyoni nikasema vita ya Wazungu inanihusu nini, lakini pesa ilishatoka. Njia yenyewe ni kama kilomita mbili. Tulitumia saa tatu.

Tulianzia kwenye sanamu ya Askari, pale mzunguko wa Samora. Nimepita pale kwa daladala na kwa miguu miaka yote hiyo na sikuwahi kusimama. Kijana akatuzungusha taratibu. Askari ameinama mbele kama anayeshambulia, bunduki mkononi, na singe yake inaelekea bandarini. Akatueleza kwamba enzi za Mjerumani mji huu ulikuwa na sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaing'oa, ikaishia Hamburg, na huko nako wanafunzi wakaja kuiangusha miaka ya 1960. Huyu Askari wa shaba alisimamishwa mwaka 1927.

Kisha akamwambia mama mmoja kwenye kundi asome kwa sauti maandishi ya Kiswahili yaliyo chini ya sanamu. Maneno yale aliyatunga Rudyard Kipling kwa Kiingereza. Yanawataja askari, halafu yanawataja wapagazi, kwamba hao ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mama alipomaliza, kijana akauliza, "Haya, mpagazi mwenyewe yuko wapi?" Tukatazama juu wote. Hayupo. Askari peke yake. Wenzetu Nairobi mnara wao una mpagazi amesimama pamoja na askari. Hapa kwetu amepata mstari mmoja wa maandishi. Na hao ni watu waliobebeshwa chakula na risasi za jeshi zima porini, wakafa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

"Basi twendeni tukamtafute," akasema. Tukashika Samora hadi Mnara wa Saa, tukaingia Uhuru, tukatokea Mnazi Mmoja. Hapo alisimama kidogo tu kutuonyesha kwamba uwanja ule haukubaki wazi kwa bahati. Uliachwa makusudi uwe mpaka: Wazungu na Wahindi upande ule tuliotoka, Waswahili upande huu tunaokwenda. Ukivuka kwa miguu unauona huo mpaka hata leo, maana mitaa inabadilika sura ghafla.

Tukafika Kariakoo. Jina limetoka kwenye Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliowekwa kambi hapo na Waingereza, na hilo kila mmoja wetu alilijua toka shuleni. Ila kulijua darasani na kulifikia kwa miguu yako ukitokea kwa yule Askari ni vitu viwili. Tumesimama kwenye kona, kijana ndiyo kwanza anafungua mdomo aanze kueleza, mara sauti nyuma yetu: "Pisha! Pisha mzigo!" Jamaa kabeba robota la mitumba mgongoni, kainama hadi humuoni uso, jasho linadondoka kwenye kandambili. Kijana wetu alinyamaza. Alisogea ukutani akatuonyesha kwa mkono na sisi tusogee, na yule bwana akapita.

Jengo la soko lenyewe lichunguze paa lake, ile zege iliyokaa kama miavuli iliyogeuzwa ili ikusanye maji ya mvua. Ni kazi ya Mtanzania, Beda Amuli, ya miaka ya 1970. Liliungua Julai 2021.

Mada nyingine kwa kifupi. Ukipenda majengo, nenda Boma la Kale, kona ya Morogoro na Sokoine Drive, la enzi za Sultan Majid miaka ya 1860, mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Karibu yake kuna Atiman House, iliyopewa jina la Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomea udaktari Malta na kutibu watu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi uzee. Matembezi ya ukombozi ndiyo yenye hadithi kali kuliko zote, maana FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kilizaliwa hapa hapa mwaka 1962 na kiongozi wake Eduardo Mondlane akauawa hapa kwa bomu mwaka 1969, lakini cha kuona kwa macho ni kidogo. Bila mtu anayejua kusimulia utakuwa unatazama kuta tu. Ya chakula ni jioni, mitaa ya Kisutu. Usile mchana.

Kabla hujalipa muulize anayekutembeza swali moja: tunaanzia wapi, tunaishia wapi, na kwa nini hapo? Akianza kukuorodheshea mji mzima, muage. Na mpigie kwa Kiswahili, bei ya mgeni si bei yako. Anza saa moja asubuhi au saa kumi jioni. Njia ya Askari hadi Kariakoo ifanye Jumamosi, Jumapili upande wa Posta unakuwa mtulivu lakini Kariakoo inapoa mno. Kamera usiitoe karibu na Ikulu wala majengo ya serikali, na sokoni omba ruhusa kwanza. Simu mfuko wa mbele.

Shemeji na gari lake mwambie akupokee Mnazi Mmoja. Ukimwita aje Kariakoo Jumamosi mchana atakulaumu mpaka siku unapanda basi kurudi Mwanza.