Klabu si ya Kumpokea Mgeni Rasmi

Mbukwenyi wasomaji. Barua za safari hii karibu zote zinahusu vijana wa sekondari wanaotaka kufanya jambo kwenye mitaa na vijiji vyao. Nyingine nimezifupisha.

Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya wanafunzi, wilaya ya Chemba. Kila akija kiongozi tunaagizwa tuandae ngonjera na igizo. Akiondoka, basi. Wanafunzi wameanza kuikimbia klabu. Nifanyeje?

Mwalimu, wanaikimbia kwa sababu wana akili. Kijana wa miaka 16 anajua akifanywa pambo. Sina ugomvi na ngonjera, ila kuigiza mbele ya watu ambao tayari wanakubaliana nawe hakubadilishi kitu nyumbani kwa mtu. Wape tatizo wanaloliona kwao, ambalo wao wenyewe wataamua walikabili vipi.

Kwa Chemba huna haja ya kutafuta mbali. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na wilaya yako ilikuwamo. Wagonjwa walitapika, matumbo yakajaa, macho yakageuka manjano. Sumu hiyo inatokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga ambazo hazikukauka vizuri, na kupika hakuiondoi. Tena punje mbovu kwetu ni nadra kutupwa. Zinakwenda kwa kuku au kwenye pombe.

Mavuno yakianza, mwanafunzi achukue chupa ya kioo iliyokauka kabisa, atie chumvi kavu vijiko viwili, kisha aongeze mahindi kutoka kwenye gunia la kwao, kama nusu chupa. Afunge, atikise dakika chache, aiache itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu na hayafai kuwekwa ghalani. Yarudi juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Isiponata, yamekauka. Kipimo hiki kinapima ukavu tu, sumu yenyewe hakiioni, na hilo wanafunzi walijue ili wasiende kumwambia bibi wa watu kwamba mahindi yake ni salama.

Waandike daftarini: kaya ipi, wameanika wapi, chumvi imenata au haikunata. Baada ya kaya thelathini hivi watakuwa na jambo la kumpelekea afisa ugani, na atawasikiliza kwa sababu yeye mwenyewe hana daftari kama hilo. Usiwachoree jedwali. Waache wabishane wenyewe ziwekwe safu ngapi.

Shikamoo. Sisi ni wanafunzi wa kidato cha tatu, Dodoma mjini. Tulikwenda ofisi ya mtaa kulalamikia taka zinazotupwa korongoni. Tukaambiwa turudi shule, mambo ya mtaa ni ya watu wazima.

Marahaba wanangu. Aliyewajibu hivyo amesema nusu. Ni kweli kwamba kwenye mkutano wa mtaa wenye uamuzi ni wakazi wa miaka 18 na kuendelea. Ila Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake.

Msiende kumsomea mtendaji sheria mezani kwake, mtamtia ukaidi bure. Andikeni barua ya ukurasa mmoja: korongo lipi, taka zinatoka wapi, mvua ya mwisho ilipopita zilikwama kwenye kalavati gani, mnaomba nini. "Tunaomba usafi" haijibiki. "Tunaomba kontena la taka karibu na genge" inajibika, hata kwa hapana. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Kisha mtafuteni mzazi mmoja anayehudhuria mikutano ya mtaa, alitaje suala lenu yakifika mengineyo.

Mwulizeni pia afisa maendeleo ya jamii wa kata kama baraza la watoto la kata yenu linakutana. Baadhi yapo kwenye makaratasi tu.

Na msishuke korongoni kuokota taka kwa mikono mitupu. Kuna sindano humo.

Tuna miaka 16. Tunaweza kupata mkopo wa vikundi, ule unaotokana na asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, tuanzishe mradi wa sabuni?

Hapana, ni wa waliofikisha miaka 18. Msisikitike sana, deni la kikundi limegombanisha watu wenye ndevu zao.

Shule yetu ipo Kongwa. Siku ya Mazingira tulipanda miche mingi, karibu yote imekufa. Wenzangu wamekata tamaa.

Siku ya Mazingira ni tarehe 5 Juni. Mvua zetu huanza Desemba na kwisha Aprili, zikitupendelea. Kwa hiyo mliingiza miche ardhini kiangazi kikiwa kimeshaanza, na kila ndoo ya kuimwagilia ilikuwa na kazi nyingine nne nyumbani. Si uzembe wenu, ni kalenda.

Safari hii msipande. Fanyeni kisiki hai, ambacho wakulima wengi wa Dodoma wanakijua. Mnatafuta kisiki cha mti uliokatwa ambacho bado kinachipua, mnachagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine mnayapogoa, kisha mnafunga kitambaa cha rangi ili kila mtu aone kwamba mti huo una wenyewe. Mizizi imeshazama chini, haidai maji yenu. Mwenye shamba aombwe ruhusa kwanza. Adui ni mbuzi, kwa hiyo vijana wanaochunga jioni waingizeni kwenye kikundi mapema, tena wapeni uongozi.

Rafiki yangu wa kidato cha pili ameposwa, nasikia ng'ombe wameshaonyeshwa. Tunataka wanafunzi tuandamane hadi kwao. Binti, Bahi.

Msiandamane, mwanangu. Mtaondoka, yeye atabaki na hasira za nyumba nzima usiku huo. Hapa kazi yenu ni kuona na kusema. Mzigo waubebe watu wazima.

Mwambie mwalimu unayemwamini, leo. Au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, ukiwa na mtu mzima. Tangu Sheria ya Elimu irekebishwe mwaka 2016, kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30. Mtu akikutajia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na miaka yake 15 kwa msichana, Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikasimama hapohapo mwaka 2019.

Kabla ya yote, muulize mwenyewe anataka nini na atalala kwa nani mambo yakichafuka. Jina lake lisionekane kwenye grupu lolote la WhatsApp, hata kwa nia njema.

Binti yangu kila Jumamosi yuko na kikundi cha usafi wa mtaa, nyumbani vyombo haoshi. Nimkataze? Baba, Nkuhungu.

Usimkataze, na vyombo aoshe. Barua yako haikusema kama kuna mtoto wa kiume hapo nyumbani. Kama yupo, zamu igawanywe. Na ikiwa binti yuko kidato cha nne, mtihani ni Novemba, basi kuanzia Septemba kikundi akipunguze hadi Jumamosi moja kwa mwezi.