Mbona anga linatoka jeupe kwa picha zangu?

SWALI: Mwalimu, mwezi wa sita nilienda mbuga ya Nairobi nikapiga twiga na simu, majengo ya mjini yako nyuma yake, ilikuwa kama saa saba mchana. Kwa macho anga lilikuwa bluu kabisa lakini kwa picha limetoka jeupe pe na majengo yamefifia. Nikaweka kwa grupu, nusu wakasema "picha kali!", wengine "nunua kamera". Kweli shida ni simu? – Msomaji, Rongai

JIBU: Hapana ndugu yangu, weka pesa yako kwanza. Huyo aliyekuambia ununue kamera hakukuuliza hata ulikuwa umeangalia wapi, na jibu lote liko hapo.

Sensa ya simu haibebi tofauti ya mwanga kama jicho. Twiga wako yuko kivulini upande wote unaotuangalia, simu ikaona giza ikaongeza mwangaza ndio aonekane, sasa anga ambalo tayari lilikuwa linawaka likapitiliza. Nimeikuza picha yako pale kichwani, ukingo wa sikio la kushoto umemezwa kabisa na weupe. Hapo hata uediti usiku kucha hakuna kitu cha kurudisha.

Na kwa nini alikuwa kivulini? Mbuga iko kusini mwa mji, kwa hivyo ukitaka majengo ni lazima uangalie kaskazini. Nairobi nayo iko kusini ya ikweta kidogo tu, kama digrii 1.3, so kuanzia mwisho wa Machi mpaka Septemba jua la mchana linapita upande wa kaskazini, yaani wewe mwezi wa sita ulikuwa unapiga ukiliangalia jua. Rudi Desemba au Januari utalikuta liko mgongoni mwako, linammulika twiga na kuta za majengo, na anga linatoka bluu bila kulazimishwa. Inaniuma sana kuona watu wanahangaika na lenzi za bei na hili jambo la bure hakuna anayewaambia.

Kama huwezi kungoja, ingia asubuhi geti likifunguliwa tu. Jua linakuja kutoka ubavuni, na hewa haijaanza kutetemeka kwa joto, maana majengo yako yamefifia pia kwa sababu ya hizo kilomita za vumbi na joto kati yako na mji. Lakini usilale, hapa kwetu jua linapanda wima, ule mwanga laini unaisha mapema.

Kwa simu yenyewe: gusa anga kwa skrini, shikilia kidole mpaka kamera ifunge fokasi na mwangaza hapo, halafu telezesha mwangaza chini hadi uone rangi ya anga imerudi. Twiga atatoka mweusi kiasi, usiogope, kivuli unaweza kukiinua baadaye kwa Snapseed, app ya kuediti picha, kitakuwa na chengachenga kidogo lakini kitu kipo. HDR, ule mpangilio wa kamera ya simu wa kusawazisha mwanga na giza, pia inasaidia, ila inaunganisha picha kadhaa, kwa hivyo mnyama akisogeza shingo unaweza kupata ukingo mara mbili.

Kitu kingine ambacho grupu hawakugusa, na mimi ndicho kilinisumbua zaidi ya anga: jengo moja refu limetokea juu ya kichwa cha twiga kama pembe ya tatu. Najua hauruhusiwi kushuka kwa gari ovyo, lakini ungemwambia dereva asogee mbele mita mbili tu, kichwa kingekaa peke yake kwa anga. Twiga alikuwa ametulia anakula, muda ulikuwepo.

Ukipiga tena nitumie, ila kwa WhatsApp itume kama dokumenti, ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa na siwezi kukuambia kama ukungu ni wa lenzi au ni wa kubanwa.