Shina la dungusi kulainika chini

Umeuliza kwa nini shina la dungusi lako refu limelainika na kugeuka kahawia karibu na udongo; kwa kawaida hiyo ni dalili ya kuoza kunakotokana na maji kutuama kwenye mizizi, kwa hiyo tafadhali usilimwagilie tena hata likionekana limesinyaa. Likate kwa kisu safi juu ya sehemu iliyooza, hadi ufikie nyama isiyo na doa lolote, kisha ukiweke kipande cha juu kilicho kizima kivulini, mahali pakavu penye hewa, kwa wiki mbili au zaidi mpaka jeraha likauke kabisa, maana kukipanda mapema ndiko hurudisha uozo. Chungu utakachokipandia kiwe na tundu chini, na nusu ya udongo iwe kokoto ndogo. Aina ya Cereus, yaani dungusi refu lenye umbo la nguzo, hutoa mizizi mipya kwa urahisi, nami naamini lako litapona.