Uliza Fundi: Monaco katika banda la Ujiji

Barua tano za mwezi huu zinauliza habari za mbio moja tu, za langalanga, yaani Formula 1, kule Monaco, nchi ndogo ya pwani kusini mwa Ulaya, Jumapili ya tarehe 7 Juni 2026. Yule mwenye Canter inayotema gia ya tatu anisubiri toleo lijalo. Jibu lake ni refu na halitamfurahisha.

*Shikamoo fundi. Nina banda la kuonyesha mpira hapa Ujiji, benchi kumi na mbili, kiingilio shilingi 500. Ligi za Ulaya zimekwisha, Kombe la Dunia linaanza tarehe 11 Juni, na hapo katikati king'amuzi kimekaa bure. Nafikiria kuonyesha Monaco. Tatizo ni kwamba mwaka juzi nilijaribu, wateja wakasema magari yanafuatana tu kama msafara wa harusi, na mmoja akadai hela yake. Nifanyeje? — Mwenye banda, Ujiji*

Marahaba, mwanangu. Huyo aliyedai hela alikuwa na haki yake, ungemrudishia. Mwaka 2024 magari kumi ya mbele pale Monaco yalimaliza kwa mpangilio uleule yalioanza nao, wa kwanza hadi wa kumi. Halikuwahi kutokea hilo katika historia yote ya langalanga. Mzunguko wa kwanza kulikuwa na ajali, bendera nyekundu ya kusimamisha mbio ikatoka, watu wakabadili tairi magari yakiwa yamesimama, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuingia tena kituoni. Ikawa ni kutembeza magari. Charles Leclerc, mzaliwa wa Monaco, alishinda na wenzake wa nyumbani wakalia kwa furaha, lakini mteja wako wa Ujiji hana undugu na Leclerc.

Wewe ulikosea siku. Monaco huamuliwa Jumamosi, kwenye mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia, maana Jumapili ukiwa nyuma ya mtu huna pa kumpitia. Njia yenyewe ni kilomita 3.337 za mitaa ya mji, kushoto chuma, kulia chuma. Jumamosi kila dereva anatafuta mzunguko mmoja mkamilifu, peke yake, bila mtu wa kumsingizia. Mwaka jana Lando Norris aliuzunguka mji huo kwa dakika 1 na sekunde 9.954, akachukua nafasi ya kwanza, na kesho yake akashinda. Kwa hiyo fungua banda Jumamosi saa kumi na moja jioni kwa saa zetu, toza 300, halafu Jumapili saa kumi alasiri toza 500 yako. Atakayekuja Jumamosi atarudi Jumapili kuangalia mtu wake kama ameishika nafasi. Usimuuzie nusu ya pili mtu ambaye hakuona ya kwanza.

Waandaaji nao wanajua mbio zao zinalaza watu. Mwaka 2025 waliwalazimisha madereva wote kubadili tairi mara mbili, wakidhani patachangamka. Mafundi wakatafuta upenyo, kama kawaida yetu. Dereva mmoja wa timu anatembea taratibu makusudi, anawazuia wote walio nyuma, ili mwenzake aliye mbele apate mwanya wa kubadili tairi na kurudi bila kupoteza nafasi. George Russell uvumilivu ulimwisha, akakata kona kwa makusudi akampita Alex Albon aliyekuwa anamzibia, akala adhabu.

Sasa kazi yako wewe ni kuwafundisha watu pa kuangalia. Mpira una kamba za goli, kila mtu anajua macho yaende wapi. Hapa waambie wasiliangalie gari. Waangalie nafasi iliyopo kati ya tairi ya nyuma na kile chuma cha pembeni. Kuna kona pale kwenye bwawa la kuogelea ambapo gari linaingia mbiombio na dereva anapitisha tairi kiasi kwamba ungeweka kiganja kati ya mpira na chuma, kingebanwa. Akiachia nafasi kubwa, anapoteza muda. Akiibana kupita kiasi, anavunja mkono wa tairi na siku yake imekwisha. Na hilo analifanya mara 78, maana Jumapili ina mizunguko 78.

Mimi naijua hofu hiyo kwa udogo wake. Miaka ya tisini nilikuwa naendesha lori la tani kumi, napeleka dagaa Kasulu. Kulikuwa na daraja jembamba, kingo zake za zege, nilishalipita labda mara mia mbili. Siku hiyo utingo wangu akasema, "Fundi, leo umekaa kushoto sana." Nikageuka kuangalia ule ukingo. Mikono ikafuata macho, ndivyo mwili ulivyoumbwa, na ukingo ukaondoka na saiti mira na taa ya kushoto. Nilikatwa mshahara miezi mitatu. Utingo akawa anasema alinionya. Hakunionya, alinitoa mawazo.

Sasa mchukue Ayrton Senna, mwaka 1988. Jumamosi alimzidi Alain Prost kwa zaidi ya sekunde 1.4, na hao wawili walikuwa timu moja, McLaren, gari la aina moja. Sekunde moja na nusu kwa mzunguko, katika langalanga, ni kama kumwacha mtu kijiji kizima. Jumapili akaongoza kwa karibu dakika nzima. Timu ikamwambia kwenye redio apunguze, ushindi ulikuwa mkononi. Akapunguza. Ikiwa imebaki mizunguko 11, kwenye kona ya Portier, ile inayoingiza kwenye handaki, akagonga chuma. Hakurudi kwa wenzake. Alikuwa na nyumba hapohapo Monaco, akatembea kwa miguu akaenda kwake, na Prost akashinda. Watu husema alichoka. Mimi nasema alipoambiwa apunguze ndipo alipoanza kukiona chuma. Alishinda Monaco mwaka 1987, na baada ya aibu ile akashinda mitano mfululizo, 1989 hadi 1993. Ushindi sita, hakuna aliyemfikia.

Na kama bado watalalamika kwamba hakuna kupitana, wape habari ya Daniel Ricciardo wa Red Bull, mwaka 2018. Alikuwa anaongoza, kabla ya nusu ya mbio mfumo wake wa umeme ukafa, akapoteza nguvu za farasi zaidi ya 100. Kwenye njia nyingine angepitwa na kila mtu mpaka wauza maji. Monaco alimzuia Sebastian Vettel mpaka mwisho, akashinda na gari bovu. Hiyo nikiitazama mimi kama fundi, nasimama.

Mwaka huu magari yenyewe ni mapya. Yamepunguzwa upana kutoka mita 2 hadi 1.9, na tairi za mbele na za nyuma zimesogezwa karibu kwa sentimita 20. Usiwaahidi wateja kwamba sasa watapitana. Bado ni mapana kuliko Noah.

Halafu weka mafuta kwenye jenereta. Umeme ukikatika kwenye mchujo, dakika ile ndiyo iliyokuwa na kila kitu.

*Fundi, sisi wavuvi wa Katonga tumebishana. Kuna anayesema gari la mashindano liliwahi kutumbukia baharini kule Monaco na dereva akatoka mzima. Ni uongo wa kijiweni? — Mvuvi, Katonga*

Ni kweli, na si moja. Mwaka 1955 Alberto Ascari alikosa kona akaenda na gari mpaka ndani ya bandari, akaibuka, akaokolewa kwa boti akiwa ameumia pua. Siku nne baadaye alikufa akijaribu gari jingine kule Monza, Italia. Mwaka 1965 Paul Hawkins naye aliingia majini na akatoka mzima. Leo kuna vyuma, huwezi kufika majini hata ukitaka. Kona ya pili kutoka mwisho inaitwa La Rascasse, ni jina la samaki mwenye miiba wa bahari ile. Nyinyi mtaikumbuka kirahisi.

*Mimi ni mwanafunzi Tabora. Naomba kujua, barabara ya kawaida inayopita daladala inageuzwaje kuwa uwanja wa mbio? — Mwanafunzi, Tabora*

Kwa chuma na subira, mwanangu. Ujenzi wa vyuma, nyavu na majukwaa huchukua wiki kadhaa, na mji unaendelea kuishi humohumo. Jioni magari ya mbio yakishazimwa, barabara hufunguliwa tena, watu wanakwenda nyumbani na mikate yao juu ya lami ileile. Ndiyo maana Ijumaa asubuhi lami inateleza: ina vumbi na mafuta ya magari ya kawaida, na inashika kadiri mpira wa tairi unavyoachwa juu yake. Kwa hiyo dereva anayepata muda mzuri dakika za mwisho za mchujo si lazima awe amepata ujasiri ghafla. Lami imebadilika. Wewe wa Tabora utapenda kujua pia kwamba kona moja inaitwa Tabac, kwa sababu ya duka la tumbaku lililokuwa hapo.

Lakini kitu ninachopenda kuwasimulia vijana wa gereji ni mifuniko ya chemba. Gari la langalanga limekaa chini kabisa, na hewa inayopita kwa kasi chini ya tumbo lake inalivuta kwenye lami. Uvutaji huohuo unanyanyua kila kisichofungwa. Mwaka 2016 palepale Monaco mfuniko wa mtaro ulifyatuka ukaharibu gari la Jenson Button kwenye mazoezi. Mwaka 2023 Las Vegas, mashindano mapya ya mtaani, mazoezi ya kwanza hayakufika hata dakika kumi. Carlos Sainz alipita juu ya mfuniko wa valvu ya maji, ukapasua Ferrari yake kwa chini. Mazoezi yakavunjwa. Na kwa kuwa gari liliharibika hadi ikabidi wabadili betri nje ya kiwango kinachoruhusiwa, wakamrudisha nyuma nafasi kumi. Barabara ikuvunjie gari, kisha upigwe faini wewe. Nimeisoma mara mbili nikidhani sijaelewa.

Kwa hiyo mifuniko yote huchomelewa kabla ya mbio. Sisi huku tungeichomelea pia, ila kwa sababu ya wanunuzi wa chuma chakavu.

*Fundi mambo. Nimeona kona moja ya Monaco magari yanakwenda taratibu kuliko bodaboda yangu. Ningewapita pale? — Dereva wa boda, Gungu*

Pale, ndiyo. Ni ile kona ya kugeuka nyuma mbele ya hoteli, wanapita chini ya kilomita 50 kwa saa, na timu hubadili vyuma vya mbele ili usukani ukate zaidi ya kawaida, la sivyo gari halipindi. Wewe na boda yako ungegeuka na kikapu cha mawese nyuma. Sekunde chache baadaye wanaingia kwenye handaki, wanatoka upande wa pili jua likiwapiga usoni kwa zaidi ya kilomita 280. Hapo tungekuaga. Na vaa kofia ngumu, nakujua.

*Mheshimiwa fundi, Kigoma ina bandari, ina mlima, ina barabara inayopinda. Je, haiwezekani nasi siku moja tukaandaa mbio kama za Monaco? — Mwalimu, Mwanga*

Mwalimu, nami nimeshaichora kichwani. Unaanzia stesheni, ile ya Mjerumani, umelipa ziwa mgongo, unapanda Lumumba kuja Mwanga kama wenzetu wanavyopanda kutoka kona ya kwanza kwenda Casino. Unageuka huku juu, unashuka kwa breki mpaka bandarini, na meli yetu ya Liemba imeegeshwa pale kama boti za matajiri wa Monaco, ila yetu ina historia zaidi. Picha ni nzuri. Kisha linakuja tuta la kwanza, na tumbo la gari lenye urefu wa sentimita chache kutoka chini linabaki juu ya tuta, tairi zinazunguka hewani.

Afrika haijaandaa langalanga tangu Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Magari ya umeme ya Formula E yalikimbia mitaa ya Cape Town Februari 2023, António Félix da Costa akashinda. Na Desemba 2024 Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa langalanga. Wakikubaliwa, Mwalimu, sisi wa Kigoma tutakuwa majirani. Nitapanda basi, hata kwa benchi la nyuma.

Kabla sijasahau, mwenye banda wa Ujiji: Jumamosi hiyo nakuja na vijana wangu wawili wa gereji. Mia tatu tatu tutalipa. Mimi niwekee kiti chenye mgongo karibu na mlango, na mbali na jenereta.