Maswali ya Wasomaji: Malori ya Mchanga na Mwendo Kasi Mtaani

SWALI: Mtaani kwetu Goba, Dar es Salaam, tipa za mchanga zinapita toka alfajiri hadi usiku. Nyumba zinatikisika na watoto wanaogopa kuvuka. Majirani wanataka tuchange, Jumapili tumwage zege la matuta. Tufanyeje?

JIBU: Zege lisubiri. Tuta humbana mwenye gari dogo. Kwa malori mara nyingi linaongeza kero. Tipa tupu ikipanda tuta, bodi inagonga kelele mtaa mzima, na iliyojaa ikishuka inatikisa ardhi kuliko ilivyokuwa ikipita pasipo tuta. Isitoshe, tuta lisilo na kibali mwenye barabara anaweza kulivunja, na bodaboda akianguka hapo usiku mliolijenga ndio mtakaoulizwa. Malori hudhibitiwa kule yanakotoka na yanakokwenda.

Chagueni siku ya kazi. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni watu wawili wawili wakae kwa zamu na daftari: saa ngapi, gari gani (fuso, tipa ya magurudumu 10, semi-trela), limejaa au tupu, limetokea wapi, limeingia wapi. Mara nyingi mtakuta sehemu kubwa inakwenda mahali pamoja au pawili tu: jengo linaloinuka, yadi ya matofali, machimbo. Hapo mwenyekiti wa mtaa amepata mtu wa kukaa naye mezani. Kugombana na dereva hakufiki mbali, maana wengi wanalipwa kwa tripu na kila dakika ni hela. Mwenye mzigo ndiye awezaye kubadili njia, kusimamisha tripu watoto wanapokwenda na kutoka shule, kufunika mchanga kwa turubai na kumwagia maji barabara ya vumbi.

Mwendo nao upimwe, kwani neno “wanakimbiza sana” halimshtui mhandisi. Pimeni mita 100 kwa utepe wa fundi, mweke alama za chokaa. Mmoja asimame alama ya kwanza ashushe mkono gari linapopita. Wa pili, kwenye alama ya mwisho, awashe saa ya simu mkono ukishuka na kuizima gari likimfikia. Gawanya 360 kwa sekunde ulizopata: sekunde 12 ni kilomita 30 kwa saa, sekunde 7.2 ni 50, ambayo ndiyo kikomo cha kisheria maeneo ya makazi, na sekunde 4.5 ni 80. Msitumie mita 20; kuchelewa kidogo tu kwa kidole kunaharibu hesabu. Jificheni kidogo pia, dereva akiona watu na simu anakanyaga breki. Mkishapata magari 100, yapangeni toka la polepole hadi la kasi, mtazame kasi ya la 85. Hiyo ndiyo namba ambayo wahandisi wa barabara huiangalia.

Barua ipelekwe na muhtasari wa mkutano wa mtaa na orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) tangu 2017, kwa hiyo inakwenda kwa meneja wa wilaya; ikiwa ni barabara kuu au ya mkoa, ni TANROADS (Wakala wa Barabara). Nakala apate mtendaji wa kata, diwani na trafiki wa wilaya. Ombeni jambo moja linalopimika: kibao cha kikomo cha uzito katika ncha zote mbili, toka kona fulani hadi kona fulani. Hoja yenye nguvu ni ya gharama. Kwa kanuni iliyotokana na majaribio ya barabara huko Illinois, Marekani, mwaka 1958 hadi 1960, ekseli (mhimili wa magurudumu) ya tani 10 inachosha lami takriban mara 10,000 ya ekseli ya tani 1. Lami nyembamba ya mtaani haikujengwa kwa hilo.

SWALI: Sisi shida yetu ni magari madogo na bodaboda. Tuta lipo, lakini wanakimbiza vilevile, na mvua ikinyesha maji yanasimama.

JIBU: Bila shaka tuta lenu ni fupi na la wima, upana wa hatua moja. Kwa tuta la namna hiyo anayekwenda taratibu ndiye anayeumia. Mwenye kasi, springi zinameza mshtuko. Umbo la mviringo lililozoeleka kwa wahandisi lina urefu wa mita 3.7 kwa mwelekeo wa gari na kimo cha sentimita 10. Matuta yafuatane kila mita 60 hadi 100. Zaidi ya hapo dereva anavuta tena mafuta katikati. La kwanza liwe karibu na kona, gari likiwa bado halijapata kasi.

Maji yanasimama kwa sababu tuta limeziba njia ya mtaro. Bomba la inchi 4 chini yake litajaa mchanga msimu wa kwanza tu. Acheni mwanya wazi pembeni, kisha nguzo fupi ya zege izuie bodaboda kupenya hapo. Kwenye barabara ya udongo, zege liendelee mita moja hivi kila upande, la sivyo magurudumu yatachimba shimo mbele na nyuma. Rasta (vijituta vyembamba vinavyofuatana) peke yake zinaamsha dereva tu, na majirani hawalali.

SWALI: Tukiweka bomba la chuma juu, likikatiza barabara, lori lisipite?

JIBU: Bila kibali, hapana. Linazuia pia zimamoto, boza la maji na gari la maji taka. Kama mamlaka ya barabara itakubali, liwe la kufunguka, na funguo zikae kwa watu wawili wanaolala mtaani.

SWALI: Vibao vyetu vinaibwa vikauzwe chuma chakavu.

JIBU: Nguzo iwe ya zege. Kibao kitobolewe matundu machache, nati zichomelewe baada ya kukazwa, na nyuma yake paandikwe jina la mtaa kwa rangi ya mafuta.