Kikonyo cha Kahawa Kinataka Jani Kabla ya Dawa

Ujumbe ulioingia wiki hii ulikuwa na picha tatu na swali moja: “Vikonyo vyangu vya kahawa nimevichovya kwenye unga wa kuotesha mizizi mara mbili, mbona vimeoza vyote?” Picha zenyewe zinajibu. Hakuna kikonyo, yaani kipande cha shina kilichokatwa ili kipandwe, chenye jani hata moja, na unga umepanda hadi kwenye macho ya juu. Dawa haikupungua hapo. Ilizidi, tena ikawekwa pasipo pake.

Mizizi ya kikonyo huanzishwa na homoni iitwayo oksini. Mmea huitengeneza zaidi kwenye ncha za machipukizi na majani machanga, kisha huiteremsha kuelekea mizizini. Ukikata kikonyo, oksini inaendelea kushuka kutoka kwenye majani yaliyobaki, inafika palipokatwa, inakosa pa kwenda. Inarundikana. Rundo hilo ndilo linaloziambia seli za chini zianze mizizi. Anayenyonyoa majani yote “ili maji yasipotee” ameziba chemchemi, na sukari ya kulisha mizizi ameikata pia.

Kwa nini ishuke tu? Oksini ni asidi dhaifu. Kwenye ukuta wa seli, ambako pH (kipimo cha uchachu, ikiwa ndogo uchachu ni mkubwa) ni karibu 5.5, takriban asilimia 15 yake bado imeshika haidrojeni, haina chaji, na hupenya utando wa seli yenyewe. Iliyobaki ina chaji hasi, hiyo huingizwa na protini ya AUX1 na ndugu zake. Ndani ya seli pH ni karibu 7. Huko karibu oksini yote inaachia haidrojeni yake, na yenye chaji haipenyi utando. Imenasa kama samaki aliyeingia kwenye dema. Ili itoke inahitaji mlango, na milango mikuu ni protini za PIN, ambazo seli za shina huzipanga upande wa chini. Seli inapokea juu, inatolea chini, ya pili vivyo hivyo, kwa mwendo wa kama sentimita 1 kwa saa. Watafiti Rubery na Sheldrake walieleza hesabu hii mwaka 1974, mwenzao Raven mwaka 1975, kabla protini zenyewe hazijajulikana.

Ndiyo maana kikonyo kilichopandwa kichwa chini hakidanganyiki. Milango haigeuki kwa sababu wewe umekigeuza. Kata upande wa chini kwa mshazari na wa juu uwe bapa, usije ukachanganya.

Mwendo huu unaendeshwa na pampu za haidrojeni kwenye utando, na pampu zinakula nishati. Nishati inataka hewa. Kitanda kinachotuama maji kinakosa oksijeni, usafirishaji unazorota, na kuvu inamaliza kazi. Wengi hulaumu dawa wakati kosa ni ndoo ya maji.

Sasa mikasi. Chukua machipukizi yanayosimama wima kwenye bustani mama, yaliyo kijani na yameanza kukakamaa. Matawi ya pembeni yaache: yanaota mizizi vizuri tu, lakini mche wake utatambaa kwa upande maisha yake yote. Kata asubuhi, tia kwenye ndoo yenye maji safi. Kila kikonyo kiwe na kifundo kimoja chenye majani mawili, shina la sentimita 4 hadi 6 chini ya kifundo, na nusu sentimita juu yake. Kila jani likate nusu. Nusu iliyobaki inatosha kutoa oksini bila kukausha kikonyo.

Dawa iliyomo kwenye unga wa kuotesha mizizi ni IBA (asidi ya indole-butiriki), ambayo mmea wenyewe huigeuza kuwa oksini yake ya kawaida. Kwa shina laini chukua unga wa asilimia 0.1, kwa lililoanza kukomaa asilimia 0.3. Ule wa 0.8 ni wa miti migumu, ukiutia kwenye kahawa changa utaona kitako kinakuwa cheusi. Ukichanganya mwenyewe, yeyusha gramu 0.1 kwenye mililita 50 za spiriti safi, kisha ongeza maji hadi mililita 100. IBA haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu, na maji ya magadi yanaiacha na chaji, ikapenya kwa shida. Maji ya mvua ni bora. Chovya sentimita 1 ya chini kwa sekunde 5, acha spiriti ikauke, panda. Jicho lisiguswe, kwa kuwa oksini hulizuia kuchipua.

Na tafadhali, usijaribu kubana matumizi kwa tone la 2,4-D, ile dawa ya magugu ya shamba la mahindi. Nayo ni oksini, lakini ya kutengenezwa: AUX1 inaiingiza, milango ya PIN inaitoa kwa shida. Inajaa ndani ya seli na kuivuruga.

Panda kwenye mchanga wa mto uliooshwa, au mchanga na udongo wa msituni, majani yasilaliane. Funika kwa nailoni angavu chini ya kivuli. Nailoni ikiwa na matone kwa ndani, usimwagilie. Mizizi huchukua miezi 2 hadi 3, kwenye baridi ya mlimani zaidi. Usivute kikonyo kujaribu, kichokoe kwa kijiti. Chenye uvimbe mweupe bila mizizi kirudishe mchangani kama jani lake bado ni kijani. Jani likidondoka mapema, kikonyo hicho kitoe kabla hakijaambukiza wenzake.

Vilivyoshika vihamishie kwenye viriba, virudishe chini ya nailoni, kisha uifungue kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.